Alama ya Chaki Ndani ya Video

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Asubuhi ilikuwa na ukungu, na nguo zilizoanikwa jana zilikuwa bado mbichi.

Fundi cherehani hakugusa chai yake. Alimtazama wifi yake, mdogo wa mumewe, akifuta meza. Video ya kufundisha kukata kola ilikuwa imeibwa. Wanafunzi wake hulipia masomo hayo. Sasa mtu fulani alikuwa akiigawa bure mtandaoni, na jina la Fundi lilikuwa limefutwa. Aliyeshika kamera siku ile alikuwa wifi.

"Wifi, mbona siku hizi unaficha hata chumvi?" aliuliza yule mdogo wa mume.

"Kuna panya humu ndani."

"Wa miguu minne au miwili?"

Fundi alisukuma kikombe kando. Aliomba kwa kunong'ona, kama kila siku: Mungu, nionyeshe mwizi wangu. Kisha akamfuata mumewe chumbani.

"Mdogo wako arudi kwa mama yenu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Una ushahidi?"

"Nina macho."

Mume akamwita jirani yao, mwanamke mhariri wa video. Akaja na kompyuta yake.

"Fundi, alama ya chaki unaiweka wapi kwenye nguo?"

"Upande wa ndani. Mvaaji haioni."

"Video nayo ni hivyo hivyo. Kuna programu inayoficha alama ndani ya picha. Jicho haliioni, programu inaisoma. Kila nakala ipe alama yake."

"Mwizi akiinakili?"

"Mara nyingi alama huenda nayo. Haizuii wizi, ila inaonyesha ni nakala gani iliyovuja. Haisemi nani kaiba. Uliza kwanza, ulaumu baadaye."

"Tutaona," alisema Fundi, akimtupia wifi jicho la pembeni.

Somo la mikono ya shati lilipotoka, kila mwanafunzi alipata nakala yenye alama yake. Wifi pia. Fundi naye akabaki na yake. Haukupita muda mrefu, video ikaibwa tena. Lawama zikamwangukia wifi; akaanza kufunga mizigo, na mama mkwe akaja kumchukua.

Jirani aliisoma nakala ya wizi. Akaisoma tena.

"Sema tu, jirani. Ni ya wifi?"

"Ni yako."

"Yangu? Nijiibie mwenyewe?"

"Ilitoka humu ndani?"

Fundi alitaka kukana. Halafu akakumbuka. Kila akimaliza somo, humpelekea muuza vifungo flashi yenye nakala yake ya video, amchagulie uzi unaofanana na kitambaa. Flashi hubaki dukani, kwenye kompyuta inayoguswa na kila mteja.

"Kumbe panya nilimbeba mkobani," alisema polepole.

"Na mwanangu ndiye aliyefunga mizigo," alisema mama mkwe.

Mume akaongeza, "Mungu amekujibu, mke wangu."

Jirani aliwapelekea wenye mtandao ushahidi wa ile alama. Video ilipoondolewa, Fundi aliwaita wote mezani. Akasimama.

"Mama, mume wangu, jirani, nisikieni. Nakala yangu haitatoka tena mlangoni. Dukani nitapeleka kipande cha kitambaa. Na sitamhukumu mtu kabla ya kumuuliza. Wifi, nisamehe. Fungua mizigo yako."

"Na chumvi?"

"Itakaa hapa mezani, wifi. Naahidi mbele ya wote."