Ukurasa wa Darasa Zima

Kila Alhamisi kipindi cha Kiswahili kilianza vivyo hivyo: mwalimu anaandika ubaoni, darasa la sita linanakili, na Bingwa anaziba daftari kwa mkono asije akaibiwa majibu. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu alikuwa wa kwanza kila mtihani, na msichana huyo hakuwa na mpango wa kumwachia mtu nafasi yake.

Alhamisi hii mwalimu aliwapeleka chumba cha kompyuta. Wiki nzima alikuwa ameumiza kichwa: ukurasa wa mtandaoni ambao watu wengi huuandika kwa pamoja, darasani ungefaa kwa kazi gani? Hatimaye akapata. Wangeandika mwongozo wa wanafunzi wapya! Mwalimu Mkuu hakuridhika.

"Watachezea tu," alimwambia. "Nakupa kipindi kimoja. Mambo yakiharibika, unarudi kwenye chaki."

Projekta ilipowashwa, ukutani ukatokea ukurasa mtupu. Mara maneno yakaanza kuchomoza kila upande.

"Hee! Yale yangu!"

"Na yangu yale pale!"

Viti vilikuwa havikaliki kwa furaha. Bingwa peke yake alikuwa ameinama, ameziba kompyuta yake kwa daftari.

"Unamficha nani?" jirani yake akamcheka. "Hebu tazama ukutani!"

Kweli, sentensi yake ilikuwa pale, kila mtu anaisoma: "Ukiwa na kiu, nenda bomba la nyuma, halina foleni." Bingwa akatabasamu. Ghafla sentensi ikafutika, ikaja nyingine: "Usinywe maji ya bomba la nyuma."

"Mwalimu! Nani kaniharibia kazi yangu?" Bingwa aliwaka. Kwa hasira akafuta yote aliyoandika, na kwa kuwa aliandika mengi kuliko wenzake, nusu ya mwongozo ikatoweka. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Mwalimu akaligeukia darasa. "Aliyebadilisha aseme."

"Ni mimi," alisema Mpole, mvulana ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani. "Bomba lile ni la kumwagilia bustani. Niliyanywa maji yake, tumbo likaniendesha mpaka nikalazwa."

Bingwa alishtuka. Jumatatu mdogo wake angeanza darasa la kwanza, na mtoto huyo hufuata kila neno la dada yake.

"Nisamehe, Mpole," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi niliona tu halina foleni. Hata mdogo wangu ningempeleka huko. Njoo tuandike upya, wewe uniambie nikikosea."

Vidole vikarudi kazini mbio mbio. Kabla ya kengele mwongozo ulikuwa umekamilika. Mwalimu Mkuu akausogelea ukuta, akakunja uso.

"Hapo mmekosea. Masomo yanaanza saa moja na nusu, si saa mbili."

"Karibu kiti, Mwalimu Mkuu," mwalimu akamjibu. "Rekebisha mwenyewe."

Akaketi, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, huku darasa likimpigia makofi.

"Na Alhamisi ijayo mtaandika nini?" akauliza.

Mwalimu alicheka kwa furaha, kisha akamgeukia Bingwa. "Mwanangu, aliyekusahihisha leo hakukuibia kitu. Amemkinga mdogo wako. Ukijua jambo, usinyamaze; na ukisahihishwa, shukuru."