Maji ya Wifi na Maji ya Injini

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu tamu, kama sukari inayoungua sufuriani, iliingia kupitia matundu ya hewa ya gari, na Cherehani akajifanya hajaisikia. Mbele yao barabara ya changarawe ilinyooka mpaka macho yakachoka kuifuata. Kushoto na kulia ilikuwa nyika kavu isiyo na mti wa kumpa mtu kivuli, na tangu asubuhi hawakuwa wamepishana na gari hata moja. Mtu akiwa mahali kama hapo hupenda kuamini kwamba harufu ni harufu tu.

"Wifi, kuna kitu kinaungua," alisema Mwalimu.

"Ni vumbi."

Lakini vumbi halitoi mvuke. Moshi mweupe ulichomoka pembeni mwa boneti, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye wekundu, na kioo cha mbele kikatapakaa matone ya kijani. Cherehani alizima injini, gari likajikokota hatua chache na kusimama. Waliposhuka, jua liliwapokea kichwani bila salamu.

Walikuwa mawifi, na tuseme ukweli, hawakuwa chanda na pete. Cherehani alikuwa fundi wa nguo, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mguu wake haukujua kutulia, awe anashona au anasubiri chai ichemke. Mwalimu, dada wa mume wake, alifundisha hesabu, na neno lake moja lilipimwa mara tatu kabla ya kutoka. Mume wa mmoja, kaka wa mwingine, alikuwa amelazwa katika hospitali iliyo ng'ambo ya nyika hiyo, figo zake zote mbili zimekufa. Kati ya ndugu wote waliopimwa, ni figo ya Mwalimu peke yake iliyolingana na mwili wa mgonjwa, naye alichukua miezi kusema ndiyo. Madaktari wapasuaji waliokuja kutoka mbali wangekuwapo mpaka mwisho wa wiki, kisha waende zao. Mwalimu asipofika, au akifika na figo zilizoharibika, mtu yule hangerudi nyumbani.

Gari lilikuwa la mgonjwa mwenyewe, la zamani, lenye tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini na kuwaka moto kama jiko. Lilikuwa limelala uani muda wote wa ugonjwa wake, na mipira inayozungusha maji kati ya injini na rejeta ilikuwa imekauka na kupasuka ngozi. Cherehani na fundi wa mtaani waliibadilisha ile ya mbele, iliyoonekana kwa macho. Mmoja ulibaki, umejificha chini ya tabo. Fundi aliomba siku moja zaidi ili aufikie vizuri. Alieleza kwamba mipira mipya ikishakaza, maji yakipata moto yatautafuta ule uliochoka. Cherehani, aliyejua fika kwamba ukitia kiraka kigumu kwenye kitambaa kilichooza nguo huchanikia pembeni mwa kiraka, alikataa. Aliutupa mpira mpya kwenye buti pamoja na spana na bisibisi, akashika njia ya zamani ili apunguze safari. Njia hiyo watu waliiacha tangu lami ilipopita kwingine, na simu huko zilikuwa saa tu za kutazamia wakati.

Sasa alishika kitambaa, akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha rejeta. Mwalimu alimwambia asubiri. Neno "subiri" Cherehani alilichukia kuliko matusi. Alizungusha kifuniko, maji yakalipuka na kumbabua mkono wa kulia kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Alipiga yowe lililokwenda mbali na kutorudi. Mwalimu alimkalisha chini, akachukua dumu la maji ya kunywa na karai waliloliweka kwenye buti, akamwagia ule mkono polepole huku karai likikinga chini. Kila tone lililopita juu ya ngozi iliyoungua liliangukia humo.

"Haya yataingia kwenye injini," alisema. "Hatumwagi kitu."

Walisubiri injini ipoe wakiwa wamejibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha gari, na Cherehani alisimama na kukaa, akasimama na kukaa, mpaka wifi yake akamshika gauni. Injini ilipogusika, mpira ukaonekana: ule ule wa chini ya tabo, umefumuka kwa urefu wa kidole. Mkono wa Cherehani ulikuwa umevimba na kuota malengelenge. Ilibidi Mwalimu, ambaye hakuwahi kushika spana maishani, alale kifudifudi juu ya injini, huku Cherehani akimwelekeza kwa maneno.

Mpira wa zamani uligoma kutoka. Ulikuwa umeungana na bomba kwa miaka ya moto. Cherehani alitoa mkasi wake wa kazi, ambao hakusafiri bila kuwa nao, akamwonyesha jinsi ya kuuchana kwa urefu bila kukwaruza bomba, kama mtu anayefumua mshono. Mpya nao ulikataa kuingia. Sabuni hawakuwa nayo. Mwalimu alitema mate ndani ya mpira, mate yenyewe machache, akauzungusha huku akiusukuma, ukaingia. Kucha zake mbili zilikatika na kifundo cha mkono kikachunika kwenye bati. Alikaza klipu, akarudi chini ya kivuli akihema.

Ndipo ulipokuja ugomvi wa maji. Dumu lilikuwa na maji yaliyozidi nusu kidogo. Daktari alikuwa amemwagiza Mwalimu anywe maji kwa wingi siku zote kabla ya upasuaji, kwa hiyo Cherehani alitaka yote yawe yake. Mwalimu alitaka yote yaende kwenye rejeta. Walibishana kwa sauti za chini, kila mmoja akimnyima mwenzake haki ya kuwa mkarimu, mpaka wakagawana: chupa moja kubwa ya Mwalimu, yaliyobaki ya injini. Cherehani alisema yeye hana kiu. Huo ulikuwa uongo mtupu.

Waliondoka jua likianza kuinama. Hawakufika mbali. Mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye hita, ambao Cherehani hakujua hata kama upo, ulipasuka kwenye ncha. Fundi alikuwa amesema kweli, na hilo lilimuuma kuliko mkono. Bahati ni kwamba ulikuwa na urefu wa ziada. Walikata ncha iliyooza, wakavuta kilichobaki na kukifunga upya, kisha wakajaza tena maji.

Safari hii Cherehani aliacha kifuniko cha rejeta kimelegea kidogo, ili presha isijikusanye na kutafuta mpira mwingine. Aliliendesha gari kwa mwendo wa baiskeli, tabo isiamke, na akafungulia hita mpaka mwisho ili joto la injini limwagikie ndani waliko wao. Hewa ya moto iliwapiga miguuni na usoni. Jasho lilikauka kabla halijatiririka, midomo ikapasuka, na viti vikawa havikaliki. Mshale ulishuka kidogo, kisha ukasimama.

"Nane mara saba?" Cherehani aliuliza. Alikuwa akimuuliza hesabu tangu walipoondoka, apate kujua kichwa cha mwenzake kikoje.

"Hamsini na... ngoja."

Cherehani alisimamisha gari. Mwalimu wa hesabu kuiomba nane mara saba imngoje! Alimtazama vizuri: macho yameingia ndani, ulimi mzito. Kisha akakumbuka dumu. Alikuwa amejaza rejeta mara mbili, na dumu lilipaswa kuwa tupu, lakini bado lilikuwa likicheza maji. Alifungua chupa ya Mwalimu na kuikuta kavu, kisha akaelewa. Kila alipoinama kwenye injini, wifi yake alikuwa akiyarudisha maji yake ndani ya dumu.

"Figo hiyo ndiyo tunayoipeleka," alisema Cherehani. "Unaikausha kwa mkono wako mwenyewe."

"Figo isiyofika ni nyama tu, wifi." Mwalimu aliegemeza kichwa kwenye mlango. "Niambie jambo moja. Fundi aliomba siku. Kwa nini hukumpa?"

Cherehani alitafuta uongo, akakosa hata mmoja wa kumfaa. "Niliogopa. Ukilala usiku mmoja zaidi, utaghairi."

"Miezi yote ile ulinisubiri niseme ndiyo. Hukuniuliza hata mara moja ni nini kinanizuia."

"Nini?"

"Woga. Naogopa kisu, naogopa kutoamka. Ungeniuliza, ningekwambia siku ile ile, na tungeshazungumza yakaisha."

Cherehani alilia, ingawa machozi hayakuwapo ya kutosha. Aliona aibu hasa. Alikuwa amemhukumu mwenzake kuwa bahili wa mwili, akamkimbiza nyikani kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na mbuzi mwenyewe ndiye aliyekuwa akivinywesha vyuma maji yake. Alimwomba radhi kwa maneno machache yasiyopangika vizuri. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Maji yaliyobaki kwenye dumu alimnywesha Mwalimu yote, funda kwa funda, akihakikisha koo linapanda na kushuka. Injini ikabaki na ilichonacho. Kuanzia hapo aliendesha kwa kuiba: mbele kidogo mpaka mshale uguse wekundu, aiache injini ingurume papo hapo ili tabo isiungue, azime, asubiri ipoe, awashe tena. Kuendesha kulikuwa rahisi. Kusubiri ndiko kulikomla. Kila kituo miguu yake ilimwambia atelemke atembee, atafute msaada, afanye chochote, na kila kituo alijibana kwenye kiti, akihesabu pumzi za wifi yake. Safari moja, rejeta ilipogugumia kwa ukavu, alichukua karai, akaenda nyuma ya gari, akarudi na haja ndogo yake na kuimimina humo. Mwalimu alicheka kicheko kikavu cha kukwaruza. Alisema kaka yake akisikia gari lake linaendeshwa kwa hiyo, atapona kwa hasira.

Kulipopambazuka waliona mahema. Ilikuwa kambi ya wajenzi, pale njia ya zamani inapokutana na lami. Gari lilizimika kabla ya kufika na halikuwaka tena. Cherehani alimbeba wifi yake mgongoni, mkono mbovu ukimning'inia, mpaka mpishi wa kambi alipowaona na kuacha sufuria zake. Aliwapa maji kwa kijiko kwanza. Cherehani alitaka kunyakua kikombe, mpishi akampiga kofi la mkononi kama mtoto. Msimamizi wa kambi akawapakia kwenye pikapu hadi hospitali.

Daktari wa figo alisoma damu ya Mwalimu na uso wake ukakunjamana. Figo zilikuwa zimeumia lakini hazikufa. Alimtundikia dripu, akapima tena, akapima tena, mpaka akatamka kwamba zimerudi katika hali yake. Kilibaki kitu kimoja: mtoaji kuulizwa peke yake, pasipo ndugu, kama anatoa kwa hiari. Cherehani alitolewa nje, mlango ukafungwa. Alikaa kwenye benchi la ukumbini na bendeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu harufu ile ilipoanza, hakukuwa na kitu cha kukaza wala cha kumimina.

Alipoitwa ndani, alimkuta Mwalimu ameketi kitandani.

"Nimewaomba siku moja," alisema Mwalimu. "Nataka kulala usiku mmoja nikiwa sikimbizwi na mtu."

Madaktari walikuwa wamebakiza siku tatu. Cherehani alihisi hofu ikimpanda, ile ile iliyomtoa nyumbani mbio. Akavuta kiti.

"Chukua mbili," alisema. "Na ukiamka ukasema hapana, mimi ndiye nitakayemwambia kaka yako."

Mwalimu alichukua moja. Asubuhi iliyofuata vitanda viwili vilisukumwa ukumbini, cha dada kikitangulia. Kilipomfikia Cherehani, Mwalimu alimwomba mwuguzi asimame kidogo, akamshika wifi yake vidole vilivyochungulia nje ya bendeji.

"Haya, niulize."

"Unaogopa, wifi?"

"Sana," alisema Mwalimu, akavibana vile vidole, kisha akamwashiria mwuguzi asukume.