Kivuli cha Kipaza

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata mjomba wangu, kaka wa mama, na mama ndiye aliyenisimulia, huku akichambua maharage kwenye ungo, bila sauti kumtetemeka hata kidogo. Ndiyo maana nayaamini.

Mjomba tulimwita Kipaza kwa sababu hakujua kunong'ona. Akisalimia jikoni, wanaopalilia bondeni waliitikia. Asubuhi hiyo alikuwa amechangamka kweli, maana mpimaji wa kampuni ya umeme wa jua alikuwa amefika shambani, na ndugu wote watatu walikuwepo: yeye, mama, na mama mdogo. Shamba lilikuwa la urithi. Mmoja wao akikataa, kampuni ingekwenda kukodi ardhi kijiji cha pili, ambako watu walikuwa wanaisubiri kwa hamu.

Mama mdogo ndiye aliyesita. Mahindi yake yalikuwa chini kidogo ya pale ambapo paneli zingesimama, na aliuliza jambo moja tu: kivuli kikiyafunika, yatazaa nini? Lilikuwa swali la mkulima, nalo lilistahili kujibiwa kwa adabu. Kipaza akamcheka mbele ya mgeni. Alimwambia amezeeka kabla ya siku zake, sasa anaogopa hata kivuli. Kisha akamgeukia mpimaji. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni mwake, na kivuli chake kimelala kirefu juu ya matuta.

"Kama tatizo ni kivuli, changu hicho hapo. Nakitoa bure. Chukueni."

Watu waliokuja kutazama walicheka mpaka wakashika mbavu. Mpimaji naye alicheka, ila taratibu, akifuta miwani yake.

"Tumepokea," akasema.

Akachukua kigingi cha chuma, akakipigilia pale kilipoishia kichwa cha kivuli cha mjomba. Alieleza kwamba hicho ndicho kigingi cha kwanza, vipimo vyote vitaanzia hapo, na kiking'olewa makubaliano yamekufa. Mama mdogo akakubali, kwa aibu tu ya kuchekwa.

Wakati wa kurudi nyumbani mama alitembea nyuma ya kaka yake. Mjomba alikuwa amebeba jembe begani, na kivuli cha jembe kilikuwa kinakwenda peke yake kwenye vumbi. Cha mwenye jembe hakikuwepo.

Alipofika aliketi barazani apumzike. Hakupoa. Akaingia chumbani, akajilaza, akatazama juu akikunja uso.

"Nani kaezua bati?" akauliza.

Bati lilikuwepo. Dari ilikuwepo. Mkewe alifunga madirisha, akatundika mablanketi juu yake, chumba kikawa giza totoro. Mjomba akaweka kiganja juu ya macho, kama mtu anayetazama mbali mchana wa jua kali. Wakamwingiza uvunguni mwa kitanda. Huko nako kulikuwa na jua. Jioni likazama kwa watu wote. Kwake halikuzama.

Ngozi ya shingo ikaanza kubanduka. Ikafuata ya mabega. Nyayo zikatoka malengelenge, hakuweza tena kukanyaga chini. Daktari aliyeitwa alisema mgonjwa ameungua na jua, na akawagombeza kwa kumwacha nje muda mrefu namna ile.

Sauti nayo ilikauka. Kipaza akajifunza kunong'ona.

"King'oeni," alinong'ona. "Kigingi. King'oeni."

Hapo ndipo ndugu walipoketi kupima. Mama hakunificha kitu. Kampuni ilikuwa imeshatoa malipo ya mwanzo. Yeye alikuwa ameshaagiza vifaa vya nyumba mpya, na mke wa mjomba ameshawalipia watoto ada. Kigingi kiking'olewa, vyote vinarudi. Waliyazungumza hayo kando ya kitanda, mgonjwa akisikia, kama watu wanaochagua kuku wa kuchinja. Mwishowe mama akaona heri wapige kura, wasije wakalaumiana baadaye.

"Anayetaka king'olewe anyooshe mkono."

Mjomba akaunyoosha. Ngozi ilikuwa inaning'inia kwenye kiwiko. Mkono ulibaki hewani na haukupata mwenzake. Mkewe alitazama sakafu. Mama mdogo alimtazama usoni.

"Kaka, si ulisema bure?"

"Mmoja," mama akahesabu.

Alikufa mkono ukiwa bado juu. Kabla ya kumzika walilazimika kuukunja kwa nguvu, na mama anasema ulitoa mlio kama ukuni mkavu unaovunjwa.

Kesho yake baada ya mama kunisimulia haya, nilikwenda shambani mwenyewe. Hata palipokuwa na mahindi ya mama mdogo sasa pana paneli tupu, safu kwa safu. Nilimuuliza mlinzi wa getini kama amewahi kuona jambo lolote la ajabu. Alinipeleka tu mpaka kwenye kigingi, akanionyesha doa jeusi ardhini. Alisema alidhani ni oili imemwagika. Alilimwagia maji. Alilifukia kwa mchanga. Lilirudi juu ya mchanga.

Ilikuwa adhuhuri. Vivuli vyetu vilikuwa vimejikunja miguuni. Kile kilikuwa kirefu vilevile. Kichwa kimepigiliwa kigingi. Mabega. Kiuno. Miguu. Na mkono mmoja, umenyooshwa juu.

Nilirudi nikamweleza mama. Nilimkuta chumbani, mlango umefungwa, ungo uko mapajani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ni mikono mingapi. Nikamwambia mmoja.

"Basi bado hajashinda," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Alikuwa anachambua kwa mkono mmoja. Kiganja cha mkono wa pili alikuwa amekiweka juu ya macho.