Gunia la Magome Meupe

"Laki tatu, mama. Laki tatu kwa gunia moja la magome, na wewe unaniuliza habari za jina?"

"Nakuuliza tena," mama mkwe alisema. "Ulipokata, uliutajia mti jina la mgonjwa gani?"

Mkwe wake akatazama pembeni. Jua la mchana liliwaka uani, na dirishani mwa chumba alicholala mkewe ilitoka harufu ya maua, nzito, tamu mpaka inachefua. Humo chumbani hamkuwa na ua hata moja.

Walimwita Mkaushaji. Kazi yake ilikuwa katika msitu wa hifadhi, kukusanya ua la kila mti na kila mmea utambaao kwa kumbukumbu za hifadhi, kulilaza katikati ya magazeti na kulikandamiza kwa mbao mpaka likauke. Mamia ya aina alizijua kwa sura. Lakini dawa ilikuwa ya mama mkwe, na kibali cha kuichuma humo kilikuwa chake. Naye alikuwa na utaratibu asioupunguza: unataja jina la mgonjwa, unatoa gome upana wa kiganja, upande wa mawio tu, kisha unakipaka udongo kidonda cha mti. Mti una mwenyewe, alisema, na mwenyewe hatoi dawa bila kujua inakwenda kwa nani.

Mkaushaji alikichukua kibali bila kuomba, akauchuna mti wa maua na gome jeupe mzunguko mzima. Mtu anayefanya hivyo ni mwizi, hata akivaa sare ya hifadhi.

"Sikuwa na mgonjwa," alisema hatimaye. "Ni gunia la mnunuzi. Nikaingiwa na woga, nikataja jina la mke wangu. Kutimiza utaratibu tu."

"Na mgonjwa wa gunia zima ni tembo?" Kisha mama mkwe akaketi kizingitini. "Mwanangu alikuwa mzima. Umemwuza."

Waliingia. Mkewe alilala chali, macho wazi.

"Mume wangu," alinong'ona, "kuna mtu ananichuna. Nikigeuka simwoni."

Mkaushaji alifunua shuka. Kiunoni mwa mkewe ulikuwapo mstari mwekundu, mwembamba, kama uliochorwa kwa ncha ya panga, umemzunguka mwili wote, na chini yake ulikuwapo wa pili. Ndipo wakasikia sauti aliyoitoa yeye msituni kwa mikono yake mwenyewe, kwarrr, ya gome bichi likiachana na mti, isipokuwa safari hii ilitoka humo humo kitandani, taratibu, bila haraka yoyote, na ngozi kati ya mistari miwili ikaanza kuinuka kwenye ukingo kama karatasi iliyolowa, huku mkewe akimwangalia bila kulia, maana alikuwa amelia mpaka machozi yakakauka, na harufu ya maua ikajaa kooni mwao hata ikawa kupumua ni kuimeza.

Mama mkwe alipaka udongo. Ukakauka, ukapukutika. Alifukiza majani, na moshi ukatambaa sakafuni ukitafuta mlango, ukawaacha.

"Tutakurudishia chako," alimwambia mwenye mti. "Mwache mwanangu."

Mkaushaji alimpigia mnunuzi simu, kidole kikikosea namba.

"Yale magome? Yameshasagwa, bosi wangu. Yamefungwa kwenye chupa, yameshauzwa. Kuna tatizo?"

Simu ilimponyoka. Alizitoa noti zote, akaziweka miguuni pa mkewe, akapiga magoti.

"Chukua. Chukua na mimi. Jina langu nakupa, yeye hana kosa."

Mkewe akageuza shingo. Midomo ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya mtu mzima aliyechoka kudanganywa.

"Jina nimeshapewa."

"Basi nifanye nini?" Mkaushaji aliuliza. "Niambie, nitafanya."

Ukingo wa ngozi ukainuka upana wa kidole. Mama mkwe akaukandamiza kwa viganja vyote viwili, akilitaja jina la mwanawe mfululizo, nao ukaendelea kuinuka chini ya mikono yake.

"Hizo karatasi ziondoe," ile sauti ikasema. "Nataka gome langu. Lote."