Kibati cha Namba Saba

Mjomba wangu alikuwa kapteni wa kituo cha zimamoto cha kijiji chetu kwa miaka thelathini na moja. Yaliyompata niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa yale ya mwanzo, ambayo alinisimulia mwenyewe. Sipendi kuyasema. Lakini siku hizi nikinyamaza kuna kitu kinaungua, kwa hiyo bora niseme.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, shule imefungwa, nami nimeketi kituoni na daftari langu. Kamati ilikuwa imenipa kazi ya kuandika historia ya kituo. Jengo jipya lilikaribia kufunguliwa na katibu alitaka kisomwe kitu mbele ya wageni. "Wewe mwalimu, kalamu ndiyo jembe lako," aliniambia. "Tuandikie kurasa tatu. Zisiwe na huzuni nyingi, watu wanakuja kula."

Mwanzo haukunipa shida. Kijiji chetu kiko mbali na kila kitu. Zamani ukiita zimamoto kutoka mjini, walifika kesho yake kuyapa pole majivu. Ndipo watu kumi na wawili wakajitolea. Walikuwa na tangi la maji nyuma ya trekta, pampu ya kusukuma kwa mikono, mipira miwili ya maji, na rimu ya lori waliyoigonga kama kengele. Katika miaka mitano ya kwanza walizima moto mara tatu, na mmoja wa hiyo mitatu ulikuwa wa jiko lao wenyewe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kitu kimoja hakuna aliyekicheka, nacho ni ubao wa misumari kumi na miwili, uliobebwa kwenye kila moto. Mjomba alikata vibati kumi na viwili kutoka kwenye debe la mafuta, akachapa namba kwa ncha ya msumari, nukta baada ya nukta. Kila mtu na chake. Ukiingia motoni unatundika kibati chako kwenye msumari wa namba yako. Ukitoka unakichukua, kwa mkono wako mwenyewe. Nje anasimama mtunza ubao. Hashiki ndoo wala mpira, kazi yake ni kutazama misumari tu. Kibati kikiwa kinaning'inia, kuna mtu ndani. Ubao ukiwa mtupu, wote wametoka. "Ubao haudanganyi," walikuwa wakisema, na wageni wote waliojiunga walifundishwa kusema hivyo kabla ya kufundishwa kushika mpira. Mtunza ubao wa miaka ya karibuni nilikuwa mimi.

Nikafika kwenye mwaka wa ghala. Hadithi hiyo hata watoto wangu wa darasa la tatu wanaijua. Ghala la ushirika liliungua mchana kweupe, na seremala mmoja aliyeitwa Randa, namba saba, akafia ndani. Ubao ulikuwa mtupu. Maana yake alishatoka, kisha akarudi mwenyewe. Mwili wake ulikutwa karibu na kasha la misumeno mipya. Seremala na misumeno. Kijiji hakikutaka ushahidi mwingine. Mkewe, fundi cherehani, amekuwa mke wa mwizi miaka ishirini na sita. Wanawe walihama kwa kuchoka kunyooshewa vidole. Yeye alibaki pale pale, mkabala na kituo, akitushonea na kututilia viraka makoti yetu ya moto.

Mjomba aliingia akanikuta nimeinamia ukurasa huo.

"Umefika wapi?"

"Kwenye ghala."

Akageuka, akafunga mlango. Jua lilikuwa linawaka nje, na chumba kile hakikuwa na sababu ya kufungwa mlango. Akavuta kiti karibu na changu, magoti yetu yakagusana.

"Andika kama watu wanavyosema," akasema kwa sauti ya chini.

"Kwani ilikuwaje?"

Aliutazama ubao ukutani.

"Mimi na Randa tulikuwa chanda na pete. Tulikuwa na mzaha wetu. Anayetangulia kutoka anachukua vibati vyote viwili, na anayechelewa anaosha mipira. Siku ile nilitangulia mimi. Nilidhani yuko mgongoni kwangu. Nikavibeba vyote, mtunza ubao hakuniona kwa moshi. Mtunza ubao akapiga kelele kwamba ubao mtupu, maji yakahamishiwa nyumba za jirani."

"Na yeye?"

"Tulisikia bati linagongwa kwa ndani. Ngo. Ngo. Ngo. Mmoja wetu akasema bati likipata joto linatanuka, ndivyo linavyolia. Na mimi nilikuwa nimetia mkono mfukoni. Nilikuwa na muda, mwanangu. Muda wa kutosha. Nikaona watu wote wananitazama mimi, kapteni niliyewapa sheria. Nikaona haya."

Haya! Mtu aliungua mzimamzima kwa sababu mjomba wangu aliona haya.

Nilitaka kuinuka. Akanishika mkono, akauingiza kwenye mfuko wa koti lake la moto. Ndani nilipapasa viraka juu ya viraka, vigumu kama kwato.

"Kibati chake nilikitupa chooni," alinong'ona. "Moto uliofuata, kilikuwa mfukoni. Nikakitupa mtoni. Kikarudi. Nimekifukia mara mbili. Kikija, kinakuja na joto lake."

Mfuko ulikuwa mtupu. Lakini ulikuwa na joto, kama mtu amepakua kitu kutoka jikoni dakika hiyo hiyo.

Ningeweza kukataa. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka minne, na ni huyu mjomba aliyenibeba mgongoni kunipeleka shule wakati wa mvua, aliyelala na njaa ili mimi nile. Hakunikumbusha hata moja. Alisema tu, "Nimezeeka. Niache nife na jina langu." Nikachukua kalamu. Jina lake lilikuwa na thamani kubwa kuliko la Randa, ndivyo nilivyoamua, na niliandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, ule wa kuwafundishia watoto: *Alitoka salama, kisha akarudi ndani mwenyewe kwa mambo yake.*

Siku ya ufunguzi niliisoma mbele ya watu wote. Watu walipiga makofi. Fundi cherehani alikuwa amekaa mstari wa nyuma, mikono mapajani. Walipoanza kutawanyika akanijia, akanishika bega.

"Mwalimu, una mwandiko mzuri," akasema. "Na sauti pia."

Akaenda zake. Sikula chakula cha siku ile.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, rimu ikagongwa. Mashine ya kusaga nafaka, jirani na kituo, ilikuwa inaungua. Niliacha watoto na hesabu ubaoni, nikavaa koti langu, nikakimbia.

Waliingia wanne. Namba nne, namba tisa, namba kumi na mbili, na mjomba, namba moja. Alikuwa na miaka sitini na nane na hakuna aliyemlazimisha. Alitundika kibati chake taratibu, akanitazama, akaingia.

Nilisimama mbele ya ubao. Sikushika ndoo, sikushika mpira. Nilitazama misumari.

Akatoka namba tisa, akachukua chake. Akatoka namba nne, akachukua chake. Moshi ulikuwa mzito, unawasha macho. Nikainua uso kuyafuta kwa kiganja. Ng'ambo ya barabara kila mtu alikuwa amesimama nje ya mlango wake. Kila mtu isipokuwa fundi cherehani. Yeye alikuwa ndani, kwenye cherehani yake, anashona. Hakuinua hata kichwa.

Nikarudisha macho. Namba kumi na mbili alikuwa anachukua chake, anakohoa. Na msumari wa namba moja ulikuwa mtupu.

Hakuna aliyepita. Hakuna aliyeusogelea. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja.

"Mwalimu!" dereva wa trekta aliita. "Paa linakuja! Ubao?"

"Mtupu," nikasema.

"Wote wametoka?"

Ndipo niliposikia. Ngo. Ngo. Ngo. Kutoka ndani, chini, upande wa kulia.

Namba nne akageuza shingo. "Bati hilo," akasema. "Linatanuka."

Nilijua. Mungu ananiona, nilijua. Mimi peke yangu, kati ya watu wote waliokuwa pale, nilijua kwamba ubao unaweza kudanganya. Lakini kulisema hilo kungetaka maelezo. Nimejuaje? Tangu lini? Na kwa nini wiki tatu zilizopita nilisimama mbele yao nikasoma vile?

Nikavuta pumzi moja. Nikavuta ya pili.

Ngo.

"Wote," nikasema.

Wakageuzia maji kwenye nyumba ya jirani. Paa likaanguka. Vumbi, cheche, kisha kimya. Dereva akaanza kuhesabu watu kwa kidole, akicheka kwa ahueni. Akahesabu tena. Hakucheka tena.

"Kapteni yuko wapi?"

Tulimtoa jioni. Alikuwa ameegemea ukuta wa bati, upande wa kulia, chini. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumba, na namba tisa alipoikunjua kilianguka kibati. Nilikiokota mimi. Kilikuwa cheusi, kimejikunja pembe, na nukta zake zilisomeka vizuri. Namba saba. Cha namba moja kilitafutwa kwa chekeche siku mbili, hakikuonekana.

Nilimwonyesha katibu. "Alikuwa nacho kama kumbukumbu ya rafiki yake," akasema. "Wazee ndivyo walivyo." Baada ya wiki aliniletea karatasi. Kamati ilikuwa imekaa. Ubao ulikuwa mtupu, mtunza ubao mwenyewe alithibitisha, kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Mwenye mashine alikuwa anasema mkanda mpya wa mashine haupo. Haukuonekana, na yeye hakutaka kuamini kwamba mkanda wa mpira unaweza kuungua. "Tunataka uongeze aya moja kwenye historia," katibu akasema. "Tumetumia maneno yako yale yale, mwalimu. Yamekaa vizuri."

Nikasoma. *Alitoka salama, kisha akarudi ndani mwenyewe kwa mambo yake.*

Nikalia mbele yake. Alidhani ni msiba.

Jioni hiyo nilivuka barabara. Nilimkuta fundi cherehani anakata uzi kwa meno. Nikapiga magoti kwenye sakafu yake iliyojaa vipande vya nguo, nikamwambia yote: vibati viwili, mzaha wa kuosha mipira, mlango uliofungwa mchana. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniinua, akaniketisha kwenye kigoda cha wateja.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka ule ule. Nani anayemtilia viraka mjomba wako? Kila baada ya moto analeta koti, mfuko umetoboka. Tundu la ukubwa ule ule, pembe nne, na pembeni nukta. Mimi niliyezoea kuona kibati cha mume wangu juu ya meza, nishindwe kukitambua?"

"Mbona hukusema?"

"Mke wa mwizi aseme nini, nani amsikilize?" Akaondoa uzi kwenye ulimi. "Nilikuwa namtilia kiraka, namwambia, Kapteni, kiraka hiki hakidumu. Anasema ahsante, anaondoka. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Alipoanza kuzeeka nikaona hatasema, nikaanza kukungoja wewe."

Nikainama, nikaokota kipande cha nguo sakafuni.

"Umeniambia mimi ninayejua," akaendelea, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. "Wao umewaambia?"

Niliahidi kwamba nitawaambia kwenye mkutano wa Jumapili. Jumapili ikaja. Nilisimama, nikaona nyuso za wazazi wa wanafunzi wangu zote zimenigeukia. Nikawaza, nikianza tu, mtu ataniuliza kama siku ile nilisikia bati likigongwa. Nikasema naomba tumkumbuke marehemu, nikakaa.

Juzi kulikuwa na moto mdogo, majani makavu nyuma ya zahanati. Hakuna aliyeingia popote, vibati havikutoka kwenye sanduku. Niliporudi nyumbani na kuvua koti nilisikia harufu ya kitambaa kilichoungua. Mfuko wa kulia ulikuwa na tundu.

Leo asubuhi nimelipeleka koti. Fundi cherehani aliingiza mkono mfukoni, vidole vyake viwili vikatokeza chini. Akanitazama. Akachagua kitambaa kigumu kutoka kwenye kapu, kile kile alichokuwa akimtilia mjomba, akapitisha uzi kwenye sindano.

"Kiraka hiki hakidumu, mwalimu," akasema.

Kabla hajashona nilimwomba nilishike kidogo. Pembeni mwa tundu kitambaa kilikuwa kimeungua kwa nukta ndogo ndogo, zimepangana mstari mmoja ulionyooka. Nikazipapasa kwa kidole. Zilikuwa bado za moto. Namba moja.