Pampu Zinazomwitikia Mwingine

Saa kumi na mbili kasoro jioni, Leonidas alishuka kwenye bodaboda mbele ya lodge ya Mzee Simeoni kule Unyambwa, begi la vifaa begani, mwilini shati alilovaa kwenye harusi ya dada yake. Shati hilo alilichagua makusudi. Ukienda kutafuta kazi umevaa kama mtu asiye na kazi, watu wanakuamini.

Miaka mitano tangu avae joho. Bachelor of Science in Electronics, matokeo ya maana kabisa, na tangu siku ile kazi yake kubwa imekuwa kubadilisha vioo vya simu za watu pale stendi Singida mjini. Kila tangazo la ajira linataka experience ya miaka mitatu. Experience ya kuipata wapi, tumboni mwa mama?

Halafu juzi Mzee Simeoni akampigia simu mwenyewe. Bwawa la kuogelea linafunguliwa Jumamosi. Mtambo wa kuliendesha hauongei na pampu zake. Fundi aliyekuwepo hayupo tena. "Litengeneze hilo," mzee alisema, "na kazi ni yako. Permanent."

Permanent. Usiku ule Leonidas alilala na neno hilo mdomoni kama pipi.

Getini alipokelewa na Editha, msimamizi wa lodge, dada mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Injinia! Nilidhani utakuja na gari."

"Gari liko service."

"Toka mwaka gani?"

Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha wenye vyeti. Editha naye ana diploma ya hoteli, na mkononi alikuwa na ndoo ya deki.

Nje ya ukuta kina mama walikuwa wamepanga madumu kwenye kioski cha maji ambacho hakijatoa hata tone tangu Jumanne. Ndani ya ukuta, bwawa lilikuwa limejaa hadi kingo. Maji ya bluu, yametulia. Upepo wa Singida ulikuwa unang'oa kofia za watu barabarani, lakini juu ya maji yale hapakuwa na hata kiwimbi.

"Maji haya mnayatoa wapi?"

"Niulize bei ya chumba, kaka. Sio maji."

Chumba cha pampu kilikuwa nyuma kabisa, kimejengwa kati ya mawe mawili makubwa, ngazi zake zikishuka chini kama za handaki. Hatua kumi kabla ya mlango Editha alisimama. Alitoa ndani ya ndoo beseni dogo lililokuwa limefunikwa kwa khanga, akaliweka chini.

"Nini hicho?"

"Pumba za uwele. Za kuku."

Leonidas akageuka huku na huku. Hakuna banda. Hakuna hata unyoya.

"Kuku gani?"

Editha alishusha sauti. "Fanya kilichokuleta. Ukimaliza... usikae."

Akaondoka haraka, ndoo ikimgonga mguuni.

Ndani hakukuwa na harufu ya dawa za bwawa. Kulikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Ukutani kontrola ilikuwa inawaka taa nyekundu, na maandishi yake yalikuwa yale yale aliyosimuliwa kwenye simu: COMM ERROR. Pampu namba moja haijibu. Pampu namba mbili haijibu.

Kazi yenyewe si uchawi. Kontrola ni kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio. Kila pampu ina namba yake. Mwalimu anaita moja, moja inaitika. Anaita mbili, mbili inaitika. Asiyeitika, basi waya umekatika, au waya mbili zimegeuzwa, au namba imewekwa vibaya, au panya kala. Leonidas alitoa mita akapima. Waya nzima. Hazijageuzwa. Namba ziko sawa. Panya hayupo.

Kila kitu kizima, na hakuna anayemjibu mwalimu.

Jambo moja tu lilimkera. Pampu zisizojibu zilikuwa zinafanya kazi.

Hmmm... hmmm... hmmm...

Zilipunguza mwendo, zikasita, zikaongeza tena. Kama mtu aliyetua mzigo, akahema, akaubeba upya.

"Zina mwendo wao wenyewe," Leonidas alijiambia. Ili azisimamishe, alikwenda kwenye swichi kubwa ya umeme akaivuta chini. Kontrola ikazima. Taa ya chumba ikazima.

Hmmm... hmmm... hmmm...

Pampu hazikuzima.

"Backup," alinong'ona gizani. "Kuna inverter mahali." Msomi hakosi maelezo, amekaa chuoni miaka minne akijazwa maelezo. Aliwasha tochi ya simu, akafungua kifuniko cha pampu ya pili pale waya zinapoingia.

Waya zilifika pale vizuri kabisa. Halafu zikaishia. Hazikufungwa kwenye kitu chochote. Ncha zake zilikuwa zimekusanywa pamoja na kukazwa kwa kipande cha kaniki.

Alitoa laptop. Aliiunganisha kwenye zile waya ili asikilize. Kontrola ikiwa imezimwa, waya zinatakiwa ziwe kimya kama kaburi. Hakuna mwalimu, hakuna mahudhurio.

Kwenye kioo, mistari ilikuwa inapanda.

Moja. Imeitika.

Mbili. Imeitika.

Tatu...

Kimya.

Tatu...

Kulikuwa na kitu kinaita. Hakikuwa na haraka. Kila baada ya pumzi kadhaa kiliita moja, kikajibiwa, mbili, kikajibiwa, tatu, kikasubiri. Chumba kilikuwa na pampu mbili tu. Leonidas alizungusha tochi sakafuni, na hapo ndipo alipoona kwamba vitako vya zege vya kukalia pampu vilikuwa vitatu.

Cha tatu kilikuwa kibichi. Mwiko ulikuwa bado umelala juu yake.

Fundi wa kwetu akimaliza kazi yake anaandika jina na tarehe kwenye zege kabla halijakauka. Ukipita kwenye visima, makalvati na vibaraza vya mkoa mzima utawasoma. Leonidas aliinama kwenye kitako cha kwanza. GASTO, na tarehe ya mwaka juzi. Akasogeza tochi kwenye cha pili.

NOEL. 17/4, ya mwaka huu.

Saba ilikuwa na kimstari katikati. Saba hiyo aliijua. Miaka mitatu alikuwa ananakili notes za Noel kule hosteli, saba zake zote zina kimstari. Noel wa Kintinku, roommate wake, ambaye aliugua kichwa siku mbili tu, akafa.

Walimzika tarehe tatu, Aprili hiyo hiyo. Leonidas mwenyewe alishika koleo.

Tarehe tatu walimzika. Tarehe kumi na saba kwenye zege.

Alirudi nyuma, mkono ukaangukia juu ya pampu ya pili. Ilikuwa ya moto. Lakini si moto wa mota. Ilikuwa na joto la shingo ya mtu mwenye homa.

"Noel?"

Pampu ikanyamaza.

Ile ya kwanza nayo ikanyamaza.

Ndani ya bomba, kitu kilijisogeza taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuweka bega.

"Leo..." Sauti ilikuwa imejaa maji, ikimwita kwa jina lake la hosteli. "Leo... usiandike."

Hakumbuki ngazi alizipandaje. Alikimbia kando ya bwawa, begi kaliacha, laptop kaiacha, akafika getini anahema. Geti lilikuwa wazi. Hakuna aliyelifunga. Kijana wa bodaboda alikuwa bado pale nje, amekaa juu ya tangi la pikipiki anaangalia video. Editha alikuwa anapiga deki barazani na hakuinua macho. Hatua mbili tu na Leonidas yuko njiani kurudi mjini.

Simu ikatetemeka mkononi.

"Dear applicant, we regret to inform you..."

Ya kumi na tisa mwaka huu. Waliregret wote, hakuna hata mmoja aliyemwona sura.

Alisimama. Mguu mmoja nje, mmoja ndani.

"Fundi."

Mzee Simeoni alikuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya bwawa. Mfupi, mpole, sweta la bluu, soksi nyeupe. Ungemkuta kanisani ungempisha kiti.

"Shikamoo, mzee." Salamu ilitoka yenyewe. Mtoto aliyelelewa Ihanja haiachi salamu hata mbele ya simba.

"Marahaba, mwanangu. Tatizo umeliona?"

"Nimeliona."

"Eeh, nieleze."

"Kontrola haina tatizo. Pampu hazina tatizo. Zinamwitikia mwingine."

Mzee alitikisa kichwa kwa furaha, kama mwalimu aliyepata jibu. "Nusu saa tu! Noel ilimchukua siku tatu. Wewe umesoma kweli."

"Sasa kontrola ni ya nini?"

"Ya wageni. Mgeni akiona taa na vioo anatulia."

"Noel alikufa, mzee."

"Noel alizikwa," mzee alimsahihisha, taratibu kabisa. "Mama yake anapokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mpigie, muulize. Hajawahi kukosa. Ameezeka bati, amewekewa na umeme."

"Na Noel mwenyewe anapata nini?"

Mzee alimwangalia kwa mshangao wa kweli.

"Kazi."

Pale nje bodaboda ikawashwa. Kijana alipiga honi mara moja, akangoja. Leonidas alitaka kuinua mguu uliokuwa ndani. Mguu ulikuwa wake, haukufungwa na mtu. Haukuinuka.

"Huko unakorudi," mzee aliuliza, "kuna nini?"

Leonidas alijaribu kujibu. Aliwaza kioo cha simu kilichopasuka na kinachofuata. Aliwaza foleni ya usaili, vijana elfu mbili uwanjani kwenye jua, nafasi nne, na zote nne zina wenyewe. Aliwaza baba yake, Mzee Paulo, ambaye siku hizi wageni wakija humtuma yeye Leonidas dukani ili asiulizwe anafanya nini mjini.

"Nikikataa?"

"Geti si hilo? Sijamfungia mtu mimi. Ndani nina CV sabini na nane." Mzee alinyanyuka, akashika kiuno. "Lakini zege halisubiri. Jina lako, na tarehe ya kuanza. Tarehe unachagua mwenyewe. Nenda kawaage nyumbani, kula vizuri."

Bodaboda ikaondoka. Taa yake nyekundu ikapotea kwenye mashamba ya alizeti.

Editha aliacha deki. Alimwona Leonidas anageuka, akaweka kiganja mdomoni, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka... mimi nilikwambia usikae."

"Nikakae wapi?" alimjibu.

Ngazi zilikuwa baridi. Lile beseni la pumba halikuwa tena pale lilipowekwa. Lilikuwa ndani, tupu, limepitishwa vidole hadi chini. Pampu mbili hazikuunguruma. Zilikuwa zinasikiliza. Leonidas alipiga magoti mbele ya kitako cha tatu, na bomba la pili likaanza kutoa mlio mwembamba, wa juu, unaokatika katika. Hewa imeingia kwenye maji, alijiambia. Ni hewa tu. Alijua hewa hailii hivyo.

Aliandika jina lake lote, herufi kubwa. Akaandika na tarehe.

Kidole kilikufa ganzi, ganzi ikapanda hadi kwenye kiwiko, ikakaa.

Alipotoka alipiga simu Ihanja. Mama yake alipokea mlio wa kwanza, kama kawaida, kana kwamba hushinda ameishika.

"Mama. Nimepata kazi."

Upande wa pili mama akaanza kulia na kucheka pamoja, anamwita baba, anasahau Kiswahili, anarudi kwenye Kinyaturu, anamshukuru Mungu kwa lugha zote mbili.

"Ya kudumu?"

"Ya kudumu kabisa, mama."

"Unaanza lini, baba?"

"Jumatatu ya wiki ijayo. Nakuja nyumbani kwanza, niwaone."

"Njoo! Nikuchinjie jogoo. Na ni kazi gani hasa? Jumapili wakiniuliza kanisani niwajibu nini?"

Nyuma yake, chini kati ya mawe, kitu kiliita mara moja. Leonidas alisikia mdomo wake unataka kufunguka. Akaubana kwa mkono, mpaka ikapita.

"Nyepesi tu, mama," alisema. "Unaitwa, unaitika."

Mama akapiga kigelegele, na majirani wakampokea.