Hofu Haihitaji Mwalimu

Ndugu zangu, nyumba ninayowasimulia huenda inafanana na ya kwenu, kwa hiyo sikilizeni kwa moyo mweupe.

Ilikuwa nyumba ya wageni, vyumba vinane juu ya kilima, kila dirisha likitazama ziwa. Mwenyewe alikuwa mjane ambaye majirani walimwita Mama Karibu, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Asubuhi alikunja shuka na wifi yake, huku binti yake wa miaka sita, Kidoti, akipita chini ya shuka na kucheka mpaka anashikwa na kwikwi. Watalii walikaa siku nne, tano, na wengine walirudi mwaka uliofuata.

Kisha redio ikaanza kusema kwamba watalii wanaipita nchi ile na kwenda nchi jirani, kwenye barabara nzuri na hoteli mpya. Mama Karibu akaingiwa na woga, na woga huo ukageuka makaripio. Mbele ya mgeni alikuwa asali. Akivuka mlango wa jikoni, shubiri.

"Wifi, hii ndiyo glasi ya kumpa mtu aliyepanda ndege kuja huku? Unataka wote waende kwa jirani?"

"Nitaiosha tena, wifi."

"Utaiosha, utaiosha! Na wewe Kidoti, toka njiani, mgeni anakuja!"

Tuseme haki: hakumpiga mtoto, wala hakumnyima chakula. Ndiyo maana alijiona mama mwema. Lakini kila gari lilipokata kona, sauti yake ilipanda, na mtoto akajifunza kuogopa bila kufundishwa. Baada ya miezi michache, Kidoti akisikia tu mlio wa gari, tumbo linamsokota. Wifi naye akibeba sinia, vikombe vinagongana. Wageni wakawa wanalala siku moja na kuondoka kwa adabu. Kwenye kitabu cha maoni waliandika, "Mandhari nzuri. Asanteni." Basi. Mama Karibu akanunua mapazia mapya, akapaka rangi kuta, akazidi kukaripia.

Adhuhuri moja akaja mwalimu mstaafu, mama mwenye mvi aliyewahi kulala pale zamani. Alipokuwa akinywa chai barazani, kikombe kikamponyoka, kikavunjika. Kidoti, aliyekuwa akichora karibu na mlango, akaruka kama aliyechomwa. Akapiga magoti, akaanza kuokota vigae kwa mikono mitupu.

"Samahani! Samahani, mama! Sitarudia!"

"Mjukuu wangu, nimevunja mimi," mwalimu akamwambia.

"Sitarudia," mtoto akasema tena, kidole kikimtoka damu.

Mama Karibu alifika mbio, akasimama ghafla. Mtoto hakumtazama mgeni, wala hakukitazama kidole. Alimtazama yeye, mama yake, kwa macho ya mtu anayengoja adhabu.

"Mwanangu," mwalimu akasema taratibu, "ziwa hata nchi jirani lipo. Mimi nilirudi hapa kwa sababu zamani nilijisikia niko nyumbani. Leo tangu nishuke garini roho yangu haijatulia, na sikujua kwa nini."

"Nahangaika kwa ajili yake, Mwalimu. Wageni wakiisha, atakula nini?"

"Najua. Lakini yeye haijui sababu. Anaujua uso wako tu."

Mama Karibu akambeba binti yake hadi chumba cha kufulia, akamkalisha juu ya rundo la taulo, akamfunga kidole.

"Umekasirika?" Kidoti akanong'ona.

"Hapana. Niliogopa, mwanangu. Nikaogopa, nikawapigia kelele wewe na shangazi yako. Nisamehe."

Mtoto akafikiri. "Kumbe na wewe unaogopa?"

"Sana."

"Basi ukiogopa uniambie, nikushike mkono."

Hapo mama akashindwa kujizuia, akalia. Wifi alikuwa mlangoni na ndoo yake. Naye alipoombwa msamaha, akafuta macho kwa upande wa kanga, akasema, "Nimekusamehe, wifi. Ila leo glasi unaosha wewe." Wakacheka wote watatu.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Ulimi uliozoea ukali haulegei upesi. Mara kadhaa sauti ilipanda, wifi akakohoa, na Mama Karibu akatoka uani kuvuta pumzi. Tumbo la Kidoti liliuma miezi mingi zaidi, kisha likaacha polepole, bila mtu kuijua siku yenyewe.

Nchi jirani bado ina barabara nzuri zaidi. Lakini mke na mume waliokuja kulala usiku mmoja waliomba wabaki mpaka Jumapili. Mama Karibu akawauliza ni kitu gani kilichowapendeza. Wakatazamana.

"Hata hatujui," mke akasema. "Tunajisikia vizuri tu kuwa hapa."

FUNZO

Wazazi wenzangu, na nyote mnaopokea wageni: moyo hujifunza hata pale ambapo hakuna anayefundisha. Mtoto hunywa hofu yetu kabla hajaelewa maneno yetu, na mgeni huihisi kabla hajafungua mzigo. Tutengeneze barabara, tujenge hoteli, hayo yote ni mema. Lakini anayetaka nchi yake ipendwe na wageni, aanze na sauti anayoitumia jikoni kwake. Na aliyekosea asione haya kumwomba mtoto msamaha.